Yupo au Hayupo? Usiiachie Skripti Peke Yake

Mdogo wangu wa Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, umeniuliza skripti yako ya PHP itajuaje kama mteja tayari yumo kwenye kanzidata ya duka, na nitakujibu. Lakini kwanza tumzungumzie yule mama muuza samaki wa Feri, Magogoni. Amekuja kuchukua simu kwa mkopo, mmeingiza namba yake ya kitambulisho cha taifa (NIDA), mfumo ukasema "mteja yupo, ana deni", akaondoka mikono mitupu mbele ya watu, ilhali hajawahi kukopa kwenu hata chaja. Mtafuteni leo. Mwambieni kosa lilikuwa la mfumo wenu, mpeni alichokifuata. Hilo lisisubiri skripti itengemae.

Sasa tuje kwenye kosa lenyewe, maana ulichonitumia kinaonyesha. Safu ya NIDA ni ya maandishi, vizuri. Lakini swali la skripti yako kwa kanzidata linapeleka ile namba bila alama za nukuu, kama tarakimu za hesabu. MySQL, kanzidata yenu, ikikuta maandishi upande mmoja na namba upande wa pili, inageuza vyote viwili kuwa namba za desimali inazozikadiria, na ukadiriaji huo ni sahihi kwa tarakimu 15 hivi za mwanzo. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za kwanza ni tarehe ya kuzaliwa. Kwa hiyo watu wawili waliozaliwa siku moja, ambao namba zao zinatofautiana kwenye tarakimu mbili tatu za mwisho tu, MySQL inaweza kuwaona ni mtu mmoja. Mama wa watu amebebeshwa deni la mwenzake kwa sababu ya nukuu mbili zilizokosekana!

NIDA si namba ya kujumlisha wala kutoa. Ni maandishi, na namba ya simu vilevile. Ukihifadhi namba ya simu kama tarakimu za hesabu, ile sifuri ya mbele inapotea. Na kabla ya kuuliza, safisha. Kwenye kadi NIDA ina vistari kati, muuzaji mmoja anaviandika, mwingine anaviacha. Simu mmoja anaanza na 0, mwingine +255, wa tatu anaacha nafasi katikati. Chagua muundo mmoja, geuza kila kinachoingia kiwe hivyo, kisha ndipo utafute. Usipofanya hivyo skripti itasema "hayupo" juu ya mtu aliyemo, na utamwandikisha upya kila anapokuja. Na usimtafute mtu kwa jina. Kariakoo hii ina akina Mohamed, Mohamedi na Muhammad wangapi?

Swali lenyewe ni fupi: SELECT 1 FROM wateja WHERE nida = ? LIMIT 1. Huhitaji kuvuta taarifa zote za mteja ili tu kujua kama yupo. Ile alama ya kuuliza ina kazi kubwa: kwa PDO, njia ya PHP ya kuzungumza na kanzidata, unaandaa swali kwa prepare, kisha thamani unaipeleka kando kwa execute, nayo inapelekwa kama maandishi. Hapo tatizo la mama limekwisha, na mtu mwenye nia mbaya hawezi kuchomeka amri zake ndani ya swali lako. Naona ulinakili mahali fulani mfano wenye mysql_query. Uache. Hiyo iliondolewa tangu PHP 7, mwaka 2015, na kama kwenye seva yenu bado inafanya kazi, basi seva yenu ina shida kubwa kuliko hii.

Sasa sikiliza hapa, maana vijana wengi huishia kwenye SELECT wakaridhika. Intaneti inasuasua, muuzaji anabonyeza "Hifadhi" mara mbili. Maombi mawili yanafika seva karibu pamoja. La kwanza linauliza, linajibiwa hayupo. La pili linauliza kabla la kwanza halijaandika, nalo linajibiwa hayupo. Yote mawili yanaandika. Skripti haikukosea popote, na mteja sasa yuko mara mbili. Dawa yake ni kuweka UNIQUE kwenye safu ya NIDA, kanzidata yenyewe ikatae namba inayojirudia. Andika moja kwa moja. MySQL ikirudisha kosa namba 1062, ujue yupo, kisha mwonyeshe muuzaji rekodi iliyopo.

Jambo jingine linaniuma. Umesema mna mpango wa kuweka ukurasa wa wazi ambapo mtu ataingiza namba na kuambiwa kama ana mkopo. Usiuweke hivyo. Mwenye nyumba atampekua mpangaji, mume atampekua mke. Ukipiga *106# unaona laini za simu zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA, wewe mwenyewe, kwa simu yako. Nanyi fanyeni hivyo: tumeni kwanza namba ya uthibitisho kwenye simu ya mteja, ndipo ajibiwe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatumika tangu tarehe 1 Mei 2023, na deni la mtu ni taarifa yake.

Turudi kwenye marekebisho: utakapoweka UNIQUE, MySQL itakataa kama marudio yapo tayari. Yatafute kwa GROUP BY nida HAVING COUNT(*) > 1. Chukua nakala ya kanzidata nzima kabla hujagusa chochote. Halafu, kwa kuwa skripti iliwachanganya watu, huenda na madeni yameandikwa kwa wasio na deni. Toa mikataba ya karatasi, linganisha jina na saini kwa kila mkopo, na mpaka umalize, duka lisimpigie mtu yeyote simu ya kumdai.