Uzito Usioshuka: Kwa Nini Mizani Hukwama na Mkazi Afanye Nini

Chukua mfano wa mama mwenye umri wa miaka 44 anayeuza nguo sokoni. Kwenye zahanati aliambiwa kwamba shinikizo lake la damu limepanda na kwamba anafaa kupunguza uzito. Wakati huo alikuwa na kilo 90 na urefu wa mita 1.60. Aliacha soda, akapunguza chapati, akaongeza sukuma wiki na managu kwenye sahani, na kila asubuhi akawa anatembea nusu saa kabla ya kufungua kibanda chake. Baada ya miezi mitatu mizani ilisoma kilo 84. Sasa imepita miezi mingine miwili. Bado anatembea, bado anakula vilevile, lakini mizani imekataa kushuka. Jirani anadai kwamba mama huyo hula kwa siri. Mwingine anamuuzia majani ya chai ya kupunguza tumbo. Yeye mwenyewe ameanza kujiuliza kama kuna haja ya kuamka mapema kutembea.

Wakazi wengi wamepitia hali hii, na wengi hukata tamaa hapo. Makala haya yanaeleza kwa nini uzito hukwama hata kwa mtu anayejitahidi, mambo ya kuchunguza nyumbani, na wakati wa kumwona mhudumu wa afya.

Ukubwa wa tatizo

Utafiti wa kitaifa wa Hali ya Watu na Afya uliofanywa nchini mwaka 2022 ulionyesha kwamba karibu wanawake 45 kati ya 100 wenye umri wa miaka 20 hadi 49 wana uzito uliozidi kiwango cha afya. Uzito huo huongeza hatari ya kisukari, shinikizo la damu, ugonjwa wa moyo, kiharusi, maumivu ya magoti na aina kadhaa za saratani.

Kipimo kinachotumika zaidi ni BMI. Uzito kwa kilo hugawanywa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mama wa mfano wetu alipokuwa na kilo 90 alikuwa na BMI ya takriban 35. Sasa akiwa na kilo 84, ni takriban 33. Kiwango cha kawaida kwa mtu mzima ni 18.5 hadi 24.9. Kuanzia 25 uzito umezidi, na kuanzia 30 ni unene wa kupindukia.

Mwili hujilinda

Mwili mkubwa hutumia nishati nyingi kuliko mdogo, hata ukiwa umelala. Kwa hivyo mtu akipungua kilo 6, mwili wake mpya huhitaji chakula kidogo kuliko ule wa zamani. Sahani iliyompunguzia uzito mwezi wa kwanza inaweza kuwa ndiyo hasa inayomtosha mwezi wa tano. Hapo uzito husimama ingawa hajavunja mpango wake.

Zaidi ya hayo, mwili huchukulia kupungua kwa uzito kama dalili ya njaa. Hupunguza matumizi ya nishati na kuongeza hamu ya kula. Uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 2016 uliwafuatilia watu 14 waliokuwa wameshiriki shindano la televisheni la kupunguza uzito kwa kasi. Miaka 6 baada ya shindano, miili yao ilipokuwa imepumzika ilitumia takriban kalori 500 pungufu kwa siku kuliko ilivyotarajiwa kwa watu wa ukubwa wao. Watu 13 kati yao walikuwa wamerudisha uzito.

Mazoezi nayo hayachomi nishati kwa kiasi ambacho wengi hudhani. Funzo moja limetoka kwa majirani zetu Wahadzabe, wanaoishi kwa kuwinda na kuchimba mizizi karibu na Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania. Wanaume wao hutembea wastani wa kilomita 11 kwa siku na wanawake karibu kilomita 6. Hata hivyo, watafiti walipopima nishati wanayotumia kwa siku nzima na kuchapisha matokeo mwaka 2012, waligundua kwamba hailingani na matarajio. Ilikuwa karibu sawa na ya wakazi wa mijini huko Marekani na Ulaya wenye ukubwa wa mwili unaofanana na wao. Inaonekana kwamba mwili unaofanya kazi nyingi hubana matumizi mahali pengine.

Hii haina maana kwamba mazoezi ni bure. Mazoezi hushusha shinikizo la damu, husaidia mwili kutumia sukari vizuri, hulinda misuli, huboresha usingizi na humsaidia mtu kutorudisha uzito alioupoteza. Faida hizo hupatikana hata mizani isiposogea. Lakini kwa kupunguza kilo, jambo kubwa zaidi ni chakula.

Chakula kizuri, kipimo kikubwa

Mwaka 1992 watafiti wa New York waliwachunguza watu 10 wanene waliosema kwamba hawapungui hata wakila kidogo sana. Vipimo vilionyesha kwamba miili yao ilikuwa ikitumia nishati kama kawaida. Hata hivyo, waliripoti karibu nusu tu ya chakula walichokula kweli, na walidhani wamefanya mazoezi kwa karibu nusu zaidi ya waliyofanya. Kukadiria chakula kwa macho ni kazi ngumu kwa kila mtu, na mambo yafuatayo husahaulika kwa urahisi.

Sukari ya chai. Kijiko kidogo cha sukari kilichosawazishwa kina takriban kalori 16. Vikombe vitatu kwa siku, kila kimoja na vijiko vitatu, ni karibu kalori 144. Kwa mtu wa kilo 84, hizo ni karibu sawa na nishati anayotumia kutembea nusu saa. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba ni bora zaidi mtu mzima asizidishe takriban vijiko vidogo 6 vya sukari kwa siku, pamoja na iliyo ndani ya soda, juisi na keki.

Mafuta ya kupikia. Kijiko kikubwa kimoja kina takriban kalori 120. Familia ya watu watano inayomaliza lita moja kwa wiki humpa kila mtu zaidi ya kalori 230 kwa siku kutoka kwa mafuta peke yake. Sukuma wiki ni chakula bora, lakini ikielea kwenye mafuta hubeba kalori nyingi.

Vyakula vya afya vyenye nishati nyingi. Njugu zinazojaa kiganja kimoja zina takriban kalori 170, na nusu ya parachichi la wastani karibu 160. Vina faida mwilini na havifai kuachwa, ila vihesabiwe. Ugali wa unga usiokobolewa pia hushibisha na una nyuzinyuzi, lakini kipande kikubwa kinabaki kuwa kipande kikubwa.

Vya kuonja na vya wikendi. Mabaki ya sahani za watoto, mandazi ya saa nne, bia, na chakula cha harusi au matanga vinaweza kufuta upungufu wa siku tano.

Usingizi, umri na dawa

Mtu mzima anahitaji usingizi wa angalau saa 7. Anayelala saa chache hupata njaa zaidi siku inayofuata na huvutiwa na vyakula vitamu na vya mafuta. Wachuuzi wanaoamka alfajiri kufuata mizigo, madereva, walinzi na wauguzi wa zamu za usiku wako katika hatari hiyo.

Kadiri umri unavyosonga, misuli hupungua, na wanawake wanaokaribia kukoma hedhi huanza kuweka mafuta zaidi tumboni. Ndiyo maana mazoezi ya nguvu, kama kuinua vitu vizito kiasi au kuinuka na kuketi kitini mara kadhaa, yanafaa kuongezwa kwenye kutembea.

Baadhi ya dawa pia huongeza uzito kwa baadhi ya watu. Miongoni mwake ni insulini na vidonge kadhaa vya kisukari, dawa za steroidi, baadhi ya dawa za magonjwa ya akili na kifafa, sindano ya kupanga uzazi ya kila miezi mitatu, na baadhi ya ARV zikiwemo zenye dolutegraviri. Mkazi anayetumia dawa hizo asiziache wala kupunguza kipimo bila ushauri. Madhara ya kuacha ARV, insulini au dawa ya kifafa ni makubwa kuliko ya kilo chache zilizoongezeka. Anachopaswa kufanya ni kumweleza mhudumu wa afya, kwa kuwa mara nyingi kuna dawa nyingine au njia ya kudhibiti hali hiyo.

Wakati wa kwenda kituo cha afya

Wakati mwingine uzito usioshuka ni dalili ya ugonjwa. Mkazi afike katika zahanati au kituo cha afya akiona mojawapo ya haya:

- Uchovu wa kila mara, kuhisi baridi kuliko wengine, ngozi kavu, kufunga choo au uvimbe shingoni. Huenda tezi ya thairoidi haifanyi kazi vizuri.
- Hedhi isiyo na mpangilio pamoja na nywele nyingi kidevuni au chunusi. Huenda kuna mvurugiko wa homoni unaoathiri ovari.
- Kiu nyingi na kukojoa mara kwa mara, ambazo ni dalili za kisukari.
- Kukoroma kwa nguvu, kukatika pumzi usingizini na kusinzia mchana.
- Uzito unaopanda ghafla kwa siku chache pamoja na kuvimba miguu au kukosa pumzi. Huyu afike hospitalini siku hiyohiyo, kwa kuwa huenda ni moyo au figo.

Mama mjamzito au anayenyonyesha asianze mpango wa kupunguza uzito bila kuzungumza na mhudumu wa kliniki.

Hatua za kufuata kwa wiki nne

1. Pima uzito mara moja kwa wiki, siku ileile, asubuhi kabla ya kula, kwa mizani ileile. Chumvi na hedhi huweza kupandisha uzito kwa kilo moja au mbili za maji, hivyo namba ya siku moja isikutishe.

2. Pima kiuno kwa tepu ya fundi wa nguo. Hatari ya magonjwa huanza kuongezeka kiuno kinapozidi sentimita 80 kwa mwanamke na 94 kwa mwanamume, na huwa kubwa zaidi kuanzia 88 na 102. Kiuno kinaweza kupungua wakati kilo zimesimama.

3. Kwa siku saba, andika kila kinachoingia mdomoni, pamoja na chai na vya kuonja. Usibadilishe chochote wiki hiyo. Lengo ni kujua ukweli.

4. Andika tarehe kwenye chupa ya mafuta siku unapoifungua. Ikiwa ilidumu wiki moja, jaribu ifike siku kumi.

5. Jaza nusu ya sahani kwa mboga, robo kwa ugali, wali au viazi, na robo kwa maharagwe, ndengu, samaki, mayai au nyama isiyo na mafuta. Protini hushibisha na hulinda misuli.

6. Tembea kwa haraka angalau dakika 150 kwa wiki, na ongeza mazoezi ya nguvu siku mbili. Anayeketi kibandani ainuke kila baada ya muda.

7. Baada ya wiki nne, peleka daftari lako kwa mhudumu wa lishe. Wahudumu wa afya ya jamii wanaotembelea nyumba walipewa mikoba ya vifaa kuanzia mwaka 2023, ikiwemo mashine ya kupima shinikizo la damu na kifaa cha kupima sukari. Mwombe anayehudumu kijijini au mtaani kwako akupime.

Tahadhari kuhusu dawa za mkato

Chai, matone na vidonge vya kupunguza tumbo vinavyouzwa mitaani na mitandaoni vinaweza kuwa hatari. Bidhaa nyingi zinazoitwa za mitishamba zimepatikana katika nchi mbalimbali zikiwa na sibutramini, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya kuhatarisha moyo. Kwa mama mwenye shinikizo la damu, hatari hiyo ni kubwa zaidi. Chai nyingine huharisha tu. Zinapunguza maji mwilini na kuacha mafuta palepale. Zipo sindano za kisasa zinazopunguza uzito kweli, lakini hutolewa kwa agizo la daktari. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa onyo kuhusu sindano bandia za aina hiyo.

Kilo sita si kidogo

Mama wa mfano wetu amepunguza kilo 6 kati ya 90, yaani karibu asilimia 7. Katika utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002, watu zaidi ya 3,000 waliokuwa karibu kupata kisukari walifuatiliwa kwa takriban miaka mitatu. Kundi lililolenga kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki lilipunguza hatari ya kupata kisukari kwa asilimia 58.

Kwa hivyo, wakati jirani anamcheka na mizani imesimama, mama huyu tayari amefika kwenye kiwango kinacholinda afya. Akirudi zahanati na kupimwa shinikizo la damu, huenda akakuta limeshuka. Anaweza kupunguza zaidi kwa kuangalia upya mafuta, sukari na usingizi wake. Na hata akibaki na kilo 84 kwa muda, kutozirudisha zile sita ni mafanikio, na matembezi ya asubuhi yanamsaidia kwa hilo. Asiyaache.

Wakazi wenye maswali kuhusu uzito, lishe au dawa wanazotumia wanahimizwa kufika katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu nao.