Mbio Ndefu kwa Mtu wa Kawaida

Mwezi huu tuzungumze juu ya kukimbia mbio ndefu, jambo ambalo zamani lilionekana ni la wanajeshi na wanafunzi tu. Tangu Marathoni ya Kilimanjaro ianze mjini Moshi mwaka 2003, walimu, mafundi na hata akina mama wa makamo huonekana alfajiri barabarani wakikimbia. Majirani huwacheka na kuwauliza nani anawafukuza.

Fundi cherehani mmoja wa miaka 48 alikuja kliniki ya presha. Kazi yake ni kukaa kutwa, na uzito ulikuwa umezidi. Tulimshauri atembee nusu saa kila siku. Alitembea, kisha akaanza kukimbia. Tulipomwuliza sababu alisema kwamba baba yake alipooza upande mmoja kwa ajili ya presha, watoto wakiwa bado wadogo, naye hataki kuwaachia wanawe mzigo kama ule. Tena, saa ile ya alfajiri ndiyo pekee isiyo na mteja wala deni. Sisi tunaona sababu hiyo ya pili si ndogo. Lengo lake si kumshinda mtu. Anataka kumaliza kilometa 21, pamoja na ule mlima wa kuelekea Mweka, arudi nyumbani kwa miguu yake.

Lakini alikuwa na haraka. Kwa mwezi mmoja alitoka kilometa tatu hadi kumi, akapata maumivu ya muundi hata kushuka ngazi kukamshinda. Ndugu msomaji, moyo na pumzi huzoea mapema; mifupa na kano huchelewa sana. Ndiyo maana mtu hujiona ana nguvu wakati mguu wake bado haujawa tayari. Anza kwa kukimbia dakika moja na kutembea dakika mbili, siku tatu kwa wiki, ukiongeza kidogo kidogo kwa miezi. Mahali pamoja pa mfupa panapouma ukipabonyeza panaweza kuwa pamepata ufa. Acha kukimbia, uje upimwe.

Fundi wetu alinunua diklofenaki dukani ili aendelee. Dawa za namna hiyo, pamoja na ibuprofeni, hupandisha presha na zaweza kuumiza figo, hasa mwili ukiwa umepungukiwa maji. Maumivu ni mlinzi. Ukimlewesha, mwizi ataingia.

Wazee wanamkumbuka John Stephen Akhwari wetu, aliyeanguka katika marathoni ya Olimpiki kule Mexico mwaka 1968. Wakimbiaji 75 walianza, 57 wakamaliza, naye akawa wa mwisho, mguu umefungwa bandeji. Tunamheshimu sana. Ila yeye alitumwa na taifa. Wewe hujatumwa na mtu, na kesho una kazi.

Sasa juu ya maji. Wengi hudhani kadiri unavyokunywa ndivyo bora. Sivyo. Katika marathoni ya Boston, Marekani, mwaka 2002, wakimbiaji 488 walipimwa damu baada ya mbio, na 13 kati ya kila 100 walikuwa na upungufu wa chumvi ya damu. Waliokunywa hata uzito ukaongezeka njiani ndio waliokuwa hatarini zaidi. Maji yakizidi, chumvi hupungua na ubongo huvimba. Basi kunywa unaposikia kiu. Mkimbiaji akiumwa kichwa, akitapika na kuongea ovyo, msimlazimishe maji. Mleteni hospitali upesi.

Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge aongee kwanza na mganga wake, na achukue sukari mfukoni. Mwenye homa asikimbie hata kidogo, apime malaria. Anayebanwa kifua, kuzimia au moyo kwenda mbio bila mpango asimame hapohapo, hata kama amebakiza mita mia.

Fundi alipumzika wiki sita. Presha yake imeteremka, na sasa anauliza kama aache vidonge. Tumemwambia aendelee kumeza kila siku, siku ya mbio nayo ikiwemo, mpaka daktari mwenyewe atakapopunguza.