Dondoo muhimu: Kabla ya kununua randa ya bei ghali

Kiwanda cha Lie-Nielsen cha Maine, Marekani, kilichoanza 1981, hutengeneza randa kwa kufuata mfano wa randa za zamani za Bed Rock za kampuni ya Stanley, na shaba ya randa hizo inayong'aa humfanya fundi atoe pesa kabla hajauliza kisu kinakata vipi.

1. Anza na moja. Randa Na. 4 inatosha kulainisha mbao. Seti nzima hujaza kabati tu.

2. Weka rula ya chuma kwenye tako la randa, umulike kwa nyuma. Mwanga ukipenya wazi karibu na mdomo, irudishe.

3. Nunua jiwe la kunolea siku hiyohiyo. Hapa ndipo wengi hukosea: fedha zote huishia kwenye randa, kisha lawama huenda kwa chuma. Hata kisu kipya cha kiwandani kinataka kunolewa, tena pande zote mbili; mgongo wake ung'ae mpaka ukingoni.

4. Kagua mbao kwanza. Msumari mmoja humega makali.

5. Ipake randa mafuta mepesi baada ya kazi. Jasho la kiganja hutia kutu, na kutu haijui bei.

6. Mfuko hauruhusu? Tafuta Stanley kuukuu, lakini yenye ufa mdomoni iache hata ukipunguziwa.