SOMO LA WAFANYAKAZI: KURA YA MAONI, FAIDA NA HATARI ZAKE



Kura ya maoni ni kura ya kuamua jambo, siyo ya kuchagua mtu. Wananchi huulizwa swali moja, nao hujibu Ndiyo au La. Sisi tunaofanya kazi viwandani Tororo na mashambani upande wa Busia tunaijua. Mwaka 2005, katika muda wa miezi minne, pande zote mbili za mpaka zilipiga kura hiyo: Uganda tarehe 28 Julai, Kenya tarehe 21 Novemba.

FAIDA

Kwanza, mnyonge anaweza kuikatalia serikali. Kenya mwaka 2005, Rais Kibaki aliunga mkono katiba iliyopendekezwa. Watu kiasi cha asilimia 58 wakasema La, nayo ikaanguka.

Pili, lililopitishwa na watu wenyewe ni gumu kuondolewa. Tarehe 4 Agosti 2010 Wakenya walikubali katiba nyingine kwa kiasi cha asilimia 67. Kifungu cha 41 kinampa mfanyakazi haki ya ujira wa haki, ya kujiunga na chama na ya kugoma. Bunge peke yake haliwezi kubadili sura hiyo ya haki. Lazima lirudi kwa wananchi.

HATARI

Kwanza, mwenye kuuliza ndiye mwenye kutunga swali. Uganda mwaka 2000, watu waliambiwa wachague mfumo wa Movement au vyama vingi. Movement ikapata zaidi ya asilimia 90. Mwaka 2005 serikali ile ile ikataka vyama viruhusiwe, na asilimia 92 ya waliopiga kura wakakubali, ingawa waliojitokeza hawakufika nusu ya walioandikishwa. Mwaka huo huo kikomo cha vipindi viwili vya Rais kiliondolewa na Bunge. Juu ya hilo wananchi hawakuulizwa.

Pili, jibu moja hubeba mambo mengi. Anayetaka kifungu cha kazi lakini anakataa kile cha ardhi hana mahali pa kusema hivyo.

Tatu, kura hugeuka kuwa ya kabila. Kenya mwaka 2005 alama zilikuwa Ndizi na Chungwa. Wako waliofuata tunda la mkubwa wao bila kusoma hata kifungu kimoja.

KAZI YETU

Kabla ya kura, kila tawi lidai maandishi kamili. Yasomwe kwa Kiswahili saa ya mapumziko, kifungu kwa kifungu. Anayekaa kambini ahakikishe amejiandikisha mahali anapoweza kufika siku ya kura. Wawakilishi wazungumze na meneja mapema, wa zamu wapate nafasi ya kwenda.

MASWALI YA KUZUNGUMZA TAWINI

1. Nani ametunga swali, naye atapata nini?
2. Ni kifungu gani kinachogusa mshahara, chama na mgomo?
3. Ni jambo gani ambalo hatukuulizwa?

Kuuliza si ujinga. Umoja ni nguvu.