Brauni kwa Jiko la Mkaa

Huna oveni? Usijali, brauni utapika tu!

Yeyusha siagi nusu kikombe, changanya na sukari kikombe 1 na mayai 2. Tia kakao theluthi ya kikombe, unga wa ngano nusu kikombe na chumvi kidogo. Usikoroge sana, itakuwa ngumu. Mimina kwenye sufuria iliyopakwa siagi, funika. Mkaa kidogo chini, mwingi juu ya mfuniko. Baada ya dakika 20 choma kijiti: kitoke na chembe zenye unyevu, siyo uji mbichi.

Je, mvua ikinyesha? Usiingize jiko chumbani! Mkaa hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu wala rangi. Inaua watu usingizini. Pikia barazani, penye hewa.