Meno ya Papa wa Kale: Kusini Yatafutwe Wapi?

Video za wazamiaji wa Marekani wakiibuka na meno meusi ya papa zimefika kwenye simu za vijana wa Ruangwa na Nachingwea, na maswali yamefuata. Tumeyapeleka kwa mtaalamu wetu wa miamba na visukuku. Majibu yake ni haya.

Nimeona watu wanapiga kasia kwenye vimtumbwi vya plastiki, wanazama, wanarudi na jino la papa kubwa kama kiganja. Je, bahari ya Lindi nayo inayo? Niko tayari kununua vifaa. (Kijana, Ruangwa mjini)

Usinunue kitu kwanza, kijana wangu. Video nyingi za namna hiyo zinatoka Venice, mji wa pwani katika jimbo la Florida. Huko kuna mashapo ya zamani yaliyolala chini ya bahari, karibu kabisa na ufuko. Maji yanayamomonyoa, mchanga mwepesi unachukuliwa, meno mazito yanabaki kwenye changarawe. Kina chake ni mita 10 hivi au pungufu, ndiyo maana mtu anaweza kuingia majini kwa miguu, au akapiga kasia kwenye kayaki, akatia nanga, akasimamisha bendera ya kuonya kwamba kuna mzamiaji chini, kisha akashuka na mtungi wa hewa. Boti ya injini hana haja nayo. Akifika chini, anapepea mchanga kwa mkono na kutafuta pembetatu nyeusi katikati ya mawe.

Meno makubwa uliyoyaona ni ya megalodoni, papa aliyetoweka kama miaka milioni 3.6 iliyopita. Ili uyapate kwa njia hiyo, mambo matatu lazima yakutane: mashapo ya umri unaofaa, yawe yamefunuka, na yawe kwenye maji ya kina kifupi. Mbele ya pwani yetu ya kusini ukanda wa maji ya kina kifupi ni mwembamba. Ukishavuka miamba ya matumbawe, haichukui muda kina kinakuwa cha mamia ya mita. Anayezama bila kujua tabaka analolitafuta anapoteza hewa na fedha zake. Na huku kwetu utajiri wa visukuku uko nchi kavu. Tutaufikia.

Kwenye shimo letu, huku huku Ruangwa, tumetoa kitu cheusi, kinang'aa, kimechongoka. Mwenzangu anasema ni jino la papa. Ni kweli? (Mchimbaji mdogo)

Hapana, ndugu yangu, na nalisema hilo kabla ya kukiona. Sehemu kubwa ya Ruangwa na Nachingwea imekaa juu ya miamba iliyopikwa kwa joto na mgandamizo mkubwa ndani ya dunia, miaka milioni 550 iliyopita na zaidi. Kinywe mnachokisikia kila siku wilayani kwenu ni ushahidi wa mapishi hayo: ni kaboni ya matope ya kale sana, iliyogeuka madini. Meno ya papa ya zamani kabisa yanayojulikana duniani yana umri wa zaidi kidogo ya miaka milioni 400. Maana yake miamba yenu ilikwisha kupikwa kabla papa wa kwanza hajaota jino.

Chukua hicho kitu, kioshe, ukitazame juani. Jino la papa lina sehemu mbili zisizofanana. Taji ni laini na linang'aa, na mara nyingi kingo zake ni kali au zina vimeno vidogo vya msumeno. Mzizi haung'ai, una vitundu, na kwa papa wengi umegawanyika pande mbili. Kama chako kinang'aa kuanzia juu hadi chini na kina mistari iliyonyooka kufuata urefu wake, huenda ni tomalini nyeusi au madini mengine ya jamii ya miamba ile. Mpelekee ofisa madini, huenda kikawa na faida kwako kwa njia nyingine.

Usitegemee pia kwamba mto utakuletea. Mbwemkuru unatoka bara kwenda baharini, kwa hiyo unachobeba ni mawe ya kwenu kupeleka pwani.

Kama si hapa, niwapeleke wapi wanafunzi wangu wa kidato cha tatu? (Mwalimu, Nachingwea)

Kaskazini-mashariki, Mwalimu. Nenda Tendaguru, kilima kilichopo kama kilomita 60 kaskazini-magharibi mwa mji wa Lindi, kusini ya Mbwemkuru. Watanzania wengi wanakifahamu kwa ajili ya yule mjusi mkubwa aliyeko Ujerumani. Mwaka 1906 mhandisi Bernhard Sattler, akitafuta madini, alikuta mifupa mikubwa imejitokeza juu ya ardhi. Kati ya 1909 na 1913 Makumbusho ya Berlin ikachimba, ikiongozwa na Werner Janensch na Edwin Hennig. Mtu aliyesimamia mashimo na vibarua siku hadi siku alikuwa Boheti bin Amrani. Mamia ya watu walifanya kazi pale, katika nchi iliyokuwa bado na makovu ya njaa ya baada ya Vita vya Maji Maji, na wapagazi wakaibeba mifupa kwa miguu hadi bandari ya Lindi. Zaidi ya tani 200 zilisafirishwa. Mjusi huyo, Giraffatitan, aliyesimamishwa Berlin mwaka 1937, ana kimo cha zaidi ya mita 13. Jina la Boheti lilichelewa sana kuenziwa: mwaka 2007 ndipo mjusi mwingine wa Tendaguru alipoitwa Australodocus bohetii. Wanafunzi wako walijue jina hilo kabla ya majina ya Wajerumani.

Sasa tuje kwa papa. Tabaka zenye mijusi pale hazikufuatana moja kwa moja. Katikati yake zimeingia tabaka za mchanga wa bahari, zimejaa kombe za jamii ya Trigonia. Miaka milioni 150 hivi iliyopita bahari ilipanda ikafunika nchi, ikarudi, ikapanda tena. Kwenye mashapo hayo wataalamu wamekuta samaki: mwaka 1999 walimtangaza Lepidotes tendaguruensis, mwenye magamba mazito, na mwaka 2002 wakatangaza mabaki ya jamii ya papa na taa, akiwemo taa wa kale waliyempa jina Engaibatis schultzei.

Meno ya wanyama hao ni madogo mno. Hayaonekani kwa kutembea tu. Mtu anachukua mashapo, anayaosha, anayachekecha kwa wavu mwembamba, anayakausha, kisha anayachambua punje kwa punje chini ya hadubini. Kiangazi cha 1909 watu walikuwa wakihangaika na mfupa wa mkono wenye urefu wa zaidi ya mita 2. Nani angeinama kutafuta jino la milimita chache?

Mimi nalithamini jino hilo dogo kuliko lile la Florida. Mfupa wa mjusi unaonyesha nani aliishi. Jino la taa likikutwa katika tabaka lake linaonyesha maji yalifika wapi, na yalikuwa maji ya namna gani. Likitolewa mahali pake bila kuandikwa popote, habari hiyo yote inapotea, na kinachobaki mkononi ni pambo.

Kwa nini yabaki meno tu? Papa hana mifupa? (Mwanafunzi, Nachingwea)

Hana mifupa kama yetu, mwanangu. Mwili wake umeshikiliwa na gegedu, kama ile ya sikio lako, na gegedu huoza upesi. Jino ni gumu na lina madini ya fosfeti tangu mwanzo. Tena papa hubadilisha meno maisha yake yote, kwa hiyo mmoja huacha maelfu. Weusi wa jino hutokana na madini ya mashapo lilimozikwa, si kipimo cha umri.

Mimi nazamia pweza kwa pumzi. Rafiki kanishauri nitumie mpira wa kompresa ili nikae chini muda mrefu. Niko sahihi? (Mvuvi, Lindi)

Usithubutu, kaka. Kompresa ya kujazia matairi inaweza kukupulizia moshi wake na mafuta. Na ukivuta hewa ya kushindiliwa ukiwa chini, halafu ukapanda huku umebana pumzi, mapafu yanaweza kupasuka hata kwenye kina kifupi. Ukikaa muda mrefu ukapanda haraka, viputo vya gesi hujitengeneza mwilini na vinaweza kukupoozesha. Wazamiaji wa Venice wamesomea, huzama wawili wawili, na hupanda polepole. Kama unataka mtungi, tafuta mwalimu mwenye cheti kwanza.

Nikilipata, naruhusiwa kuliuza? (Kijana yule yule wa Ruangwa)

Hapana. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, iliyorekebishwa 1979, inalinda mabaki ya wanyama wenye uti wa mgongo yaliyogeuka visukuku, na papa yumo. Kuchimba kunataka kibali, na kusafirisha nje ya nchi vilevile. Usijilinganishe na Florida, ambako meno ya papa yameondolewa kwenye masharti ya kibali. Wenzao wa jimbo la South Carolina wanataka leseni kwa anayeokota visukuku chini ya maji.

Tukienda Tendaguru na watoto wakaona kitu, tufanye nini? (Mwalimu, Nachingwea)

Msiking'oe. Wekeni rula pembeni, pigeni picha ya karibu na ya mbali, chukueni alama ya mahali kwa simu, andikeni rangi ya udongo na kama pana kombe karibu. Kisha pelekeni taarifa kwa mtendaji wa kijiji na ofisa utamaduni wa wilaya, ili ifike Idara ya Mambo ya Kale na Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Picha isiyo na rula haitawasaidia sana.