Kumlipa mwanasaikolojia wa mtandaoni

SWALI: Nina fremu Mtaa wa Kongo. Tangu ghorofa liporomoke hapa Kariakoo Novemba 2024, nikisikia kishindo tu moyo unaenda mbio, na usiku silali. Nataka mwanasaikolojia wa mtandaoni. Nianzeje, na malipo yakoje?

JIBU: Pole sana. Hali hiyo inatibika. Kabla ya kutuma hata shilingi, muulize amesomea nini, wapi, na kama amewahi kuwahudumia walionusurika na maafa. Akikwepa, mwache.

Lipia kikao kimoja kwanza. Usinunue vya miezi mitatu kabla hamjaelewana. Ulizia kikao ni dakika ngapi, na mtandao ukikatika katikati, au ukiahirisha kwa sababu mzigo umeingia, hasara ni ya nani. Huduma za nje nyingi hutoza kwa dola, hivyo bei huyumba. Wa hapa nchini utamlipa kwa M-Pesa au Airtel Money; soma jina linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri.

Faragha ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Dukani kuna wateja, wapagazi na msaidizi wako, na mambo haya hayasemwi kwa kunong'ona. Tafuta chumba chenye mlango. Muulize pia anahifadhije maelezo yako: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakupa haki hiyo.

Ukianza kuwaza kujidhuru, usisubiri kikao. Nenda Muhimbili, idara ya dharura, hata usiku wa manane.